Wakiuliza Nani Mgonjwa

Kibiti, alasiri

Mwanangu Zuhura,

Umetoka na mama yako kwenda kuaga. Mtaanza kwa Bi Kulthumu jirani, halafu kwa shangazi yako kule juu, na najua mtakalishwa kila nyumba, kwa hiyo nina muda mpaka karibu na magharibi. Nimekaa barazani na daftari lako la kidato cha nne, upande wa nyuma ambako hukuandika kitu. Mwandiko wangu unaujua. Mwalimu wangu wa darasa la saba alisema unafanana na nyayo za kuku, na tangu hapo sikupata sababu ya kuurekebisha. Soma taratibu.

Ya ndoo, shuka na raba mama yako ameshakwambia, na atakwambia tena kesho mkiwa mnasubiri basi. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa miaka mitatu. Nilitaka kulisema kwa mdomo. Juzi nilikuita pale nyuma kwenye mihogo, ukaja, ukasimama, ukasema, "Naam, Baba." Nikakuuliza kama zipu ya begi inafunga. Ukanijibu inafunga. Ukarudi ndani. Ndiyo maana naandika.

Ni jambo la kaka yako Shabani, na jambo langu mimi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa Ngorongo, kabla maji hayajachukua shamba na sisi kupanda kuja huku barabarani. Msimu wa mpunga kutoa masuke tulihamia bondeni sote, mama yako akipika chini ya dungu la miti, nyie wawili mko juu mnaamia ndege. Shabani alikuwa na teo la kurushia na madonge yake ya udongo aliyoyaviringa akayaanika juani. Wewe ulikuwa na debe. Ndege wakipungua alikushusha chini akakufundisha kwata, yeye afande, ameshika mwiko wa mama yako. Alikuwa na miaka kumi na moja, wewe saba. Akisema "Kulia, geuka," wewe ulikuwa unageuka kushoto kila mara, kwa sababu kushoto ndiko mama yako alikokuwa amekaa na chungu. Akawa anakuambia, "Kuruta Zuhura, mbona unageukia ugali?" Nawe unanuna, lakini akisema tena unageuka kulekule.

Nilikuwa nimelala juu ya dungu nawasikiliza. Sikujua kuwa ile ndiyo ilikuwa sehemu nzuri. Nilidhani ni mchana tu kama mchana mwingine.

Sasa nikueleze habari ya bwawa, maana bila hiyo hutaelewa nilichofanya.

Sisi wote wa bonde tumeogea mabwawa yale. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi nilipokojoa damu mara ya kwanza. Niliogopa, nikaenda kumwambia babu yako. Aliacha jembe, akaja akatazama mchanga, akasema, "Umeshakuwa mwanamume." Nikatembea siku nzima kifua mbele. Wenzangu wote walikuwa hivyohivyo, na yule ambaye mkojo wake ulikuwa mweupe tulimcheka. Ni kichocho, na kila mtu alikijua jina lake, na hakuna aliyekiona kuwa ni ugonjwa. Shabani alipokuwa darasa la tatu alinijia mbio toka bwawani, uso umempauka, akasema, "Baba, mkojo mwekundu." Nikamwambia maneno yaleyale ya babu yako. Nikamwona anasimama wima mbele yangu, hofu inamtoka kama mtu anayevua shati. Nilifurahi kuona vile. Walipokuja shuleni na ule mti wa kupimia urefu, wanampima mtoto halafu wanamhesabia vidonge, alivimeza, akatapika njia nzima ya kurudi nyumbani, na wiki ileile alikuwa bwawani tena. Sikumkataza. Hata mimi hakuna aliyenikataza.

Alipopata nafasi ya kwenda jeshini alikuwa na miaka ishirini. Ulikuwepo, sina haja ya kukueleza furaha ya siku ile. Msikitini watu walinipa mkono kama nimeoza mtoto. Ninachotaka ujue ni nilichomwambia pale barabarani, wakati wewe na mama yako mmekwenda kununua maji. Nilimshika bega nikamwambia asirudie njiani. Nikamtajia Wiki Mbili. Unamjua Wiki Mbili, yule kijana anayeosha pikipiki pale mbele ya gereji. Jina lake ni Hamisi. Alikwenda mafunzoni, akarudi baada ya wiki mbili kwa sababu ya goti, na kijiweni wakampa jina hilo, na mpaka leo ukimwita Hamisi anachelewa kuitika. Shabani alikuwa mmoja wa waliokuwa wakimwita. Aliniambia, "Mimi, Baba? Mimi siwezi kuwa Wiki Mbili." Tukacheka. Basi likaja.

Simu zao hukusanywa siku ya kwanza, utaona mwenyewe. Lakini kulikuwa na afande mmoja ambaye Jumapili mchana alikuwa akiwaazima simu yake, dakika mbili kila mtu, wakiwa wamepanga foleni. Jumapili ya tatu Shabani akapiga. Mama yako alikuwa kisimani, wewe ulikuwa kwa shangazi. Nilipokea mimi, pale ilipo mashine ya kukoboa, kwa hiyo nilitoka nje ili nisikie. Akanisalimia, nikamwitikia marahaba. Akauliza habari za nyumbani. Halafu akapunguza sauti.

"Baba, nakojoa kama chai ya rangi."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu juzi, walikimbia na magogo toka alfajiri mpaka jua kali, na tangu hapo mapaja yamejaa, hayakunjiki, anashuka ngazi kwa kushika ukuta.

Nilicheka, Zuhura. Nataka ujue kwamba nilicheka. Nikamwambia, "Bonde limekufuata mpaka huko."

Naye akacheka. Nilimsikia akicheka kutoka kifuani. Kisha akasema, "Asubuhi kwenye gwaride wanauliza nani mgonjwa, apige hatua mbele. Nipige?"

Aliniuliza. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini, yuko mwendo wa siku moja na nusu kutoka hapa, ana madaktari nyuma yake na afande mbele yake, na akamuuliza mtu aliyesimama karibu na mashine ya kukoboa ambaye hajui kitu.

"Ukipiga watakurudisha," nikamwambia. "Ni kichocho tu. Vumilia, ukija likizo tutanunua vidonge."

"Sawa, Baba."

Muda wake ukaisha. Nikarudi ndani kuchukua mchele wangu.

Mama yako aliporudi kisimani nikamwambia Shabani amepiga. Akaniuliza amesema nini. Nikamwambia anawasalimia.

Siku ya Jumatano wakanipigia kutoka kambini kwamba ameanguka. Nilipofika hospitali ilikuwa Ijumaa. Alikuwa amevimba uso, macho yamefumba, na midomo yake imekauka kiasi kwamba nilichovya kona ya msuli wangu kwenye maji nikawa naipitisha juu ya midomo. Alikuwa na malengelenge kwenye visigino, moja kila mguu, yamefungwa vizuri sana na plasta. Hayo alikuwa ameyatibu mwenyewe. Nilikaa nayatazama yale malengelenge muda mrefu kuliko nilivyomtazama usoni. Alifariki Jumamosi kabla ya adhuhuri. Kwamba alikuwa ananisikia au hanisikii, sijui. Nilisoma nilichojua kusoma.

Daktari alinieleza kwa upole, kijana mdogo tu. Alisema haikuwa kichocho. Nyama za miguu zilivunjika kwa ule mzigo na ule ukavu wa mwili, na sumu yake ikaenda kwenye figo, na ule weusi wa mkojo ulikuwa ni figo zikipiga kelele. Alisema mtu akiwahi, wengi hupona. Anawekewa maji, analala, anapona. Halafu akaniuliza kama mwanangu hakumwambia mtu yeyote.

Nikasema, "Sijui."

Ndilo neno hilo. Nimekuwa nikilitafutia jina jingine na sijalipata. Nje ya wodi alikuwepo yule afande mwenye simu. Alisimama kunipa pole, akashindwa kuendelea, akakaa kwenye benchi. Akaniambia, "Mzee, kila asubuhi niliuliza. Alikuwa ananitazama machoni." Ilikuwa nafasi yangu ya kumwambia kwamba kaka yako alikuwa ananitii mimi. Nikamshika tu mkono. Alikuja mazikoni, ulimwona, yule mrefu aliyekuwa akimwaga udongo bila kupokezana na mtu. Alinipigia mara mbili baada ya khitma. Sikupokea. Sidhani kama atapiga tena, na mpaka leo pengine anadhani kosa ni lake.

Mama yako naye anajua kwamba Shabani alianguka kwa mbio. Kuna wakati, tukiwa tunakula, huwa ananiuliza tena, siku ile alisema nini. Nami hujibu tena kwamba alitusalimia. Huwa anaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimempa kitu kidogo cha kuweka mfukoni. Ukitaka kumwambia, mwambie. Sikufungi. Nimeshindwa miaka mitatu na sioni dalili kwamba mwaka wa nne nitakuwa mtu mwingine.

Sasa wewe.

Ulipotuambia umeomba jeshi na umeitwa, tulikuwa mkekani, mama yako akaacha kula. Ukasema, "Nakwenda kumalizia alichoanza Kaka." Ukaangalia sahani. Ningeweza kukukataza, wewe ni mtoto unayekatazika. Lakini kukukataza kulitaka sababu, na sababu ninayo moja tu, na ingenibidi niitoe mbele ya mama yako. Nikasema, "Mungu akujaalie." Kwa hiyo unakwenda kwa sababu yangu mara mbili. Usinielewe vibaya, kazi ile si mbaya na wale si watu wabaya. Wako vijana wengi wa huku wamekwenda wakarudi wamenyooka, na baba zao wanalala.

Jana mama yako alikukata nywele pale uani. Nilikuwa natengeneza mpini wa jembe ili nipate pa kuangalia. Bi Kulthumu akapita akasema, "Alhamdulillahi, mtaa umepata mlinzi, sasa kuku wangu watalala nje." Ukacheka. Kichwa chako bila nywele ni kichwa cha Shabani. Kile kibonde nyuma ya sikio, sikujua kwamba nawe unacho. Mama yako aliacha mkasi akaingia ndani, akasema anakwenda kutazama moto. Moto haukuwa umewashwa.

Nimefikiri sana nikupe nini cha kwenda nacho, na kila nilichokipata kimetoka kwangu, na vya kwangu siviamini. Nilidhani kumsaidia mtoto aliye mafunzoni ni kumpa moyo. Kila baba ndivyo anavyodhani. Simu inalia, mtoto anasema amechoka, unamwambia vumilia, unakata, unajiona umefanya kazi. Sasa naona kwamba Shabani hakupiga kutafuta moyo. Moyo alikuwa nao mwingi mno. Alipiga kwa sababu mwili wake ulikuwa unamwambia kitu, naye alitaka mtu mmoja duniani amruhusu kuusikiliza.

Kwa hiyo usinipigie kuniomba ruhusa. Nipigie kunisalimia, nipigie kuniambia mmekula nini, nipigie unitanie. Lakini ukiwa na homa, ukiwa na maumivu usiyoyajua, mkojo ukibadilika rangi, usiniulize mimi. Najijua. Najua kwamba nikisikia sauti yako kwenye simu inauliza, "Baba, nipige hatua?" kitakachonitoka mdomoni ni lile neno la kwanza, vumilia, kabla sijafikiri. Limekaa mbele ya meno. Alinipa babu yako, naye sijui alipewa na nani. Ukilisikia linatoka kwangu, kata simu. Sitakasirika. Nitajua umesoma barua.

Na wakikurudisha, rudi. Kijiweni watakupa jina, hilo sikufichi. Nimekwenda kwa Hamisi wiki iliyopita. Nilikaa kwenye benchi, yeye anaosha pikipiki, nikamwita Hamisi. Akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Nikamuuliza goti linaendeleaje. Akasema likipata baridi linauma, lakini anatembea. Ana mtoto wa kike sasa, anatambaa pale kwenye povu la sabuni, analiramba. Nilimwonea wivu baba yake Hamisi, Zuhura. Niliona wivu hadi nikaondoka bila kuaga.

Sina matumaini makubwa na karatasi hii. Nakwambia ukweli kwa sababu huu ndio ukurasa wa kuusemea. Mtoto hafuati alichoandikiwa, anafuata alichokiona, na ulichokiona wewe miaka kumi na tisa ni baba anayekohoa nje ili asisikike ndani. Umeona mama yako akifunga kiuno kwa kanga akaendelea kupepeta. Umeona kaka yako. Nani alikufundisha kusema naumwa? Katika nyumba hii sijalisikia neno hilo likisemwa na mtu anayeweza kusimama.

Tena nina ushahidi. Siku ya usaili mlipokimbizwa, ulirudi na raba mkononi, ukasema zimekubana, umekimbia peku. Kesho yake alfajiri nilikukuta nyuma ya choo umekaa kwenye tofali, mguu wa kushoto ndani ya beseni la maji ya chumvi, na maji yamebadilika rangi. Kando ya tofali kulikuwa na kipande cha chupa; ulikuwa umekikanyaga ukakimbia nacho mpaka mwisho. Uliponiona ulishusha kanga ikafunika beseni. Nikauliza ni nini. Ukasema, "Kidogo tu, Baba, kimeshafunga." Nikasema haya. Wiki mbili zimepita. Tangu siku hiyo unavaa soksi ndani ya kandambili, na katika mji huu wa joto hakuna mwingine anayevaa hivyo. Mama yako anadhani unajizoeza viatu vya jeshi.

Nimeandika haya kwa saa nzima nikijiambia kwamba mkirudi tu nitakuita, nitakuvua soksi mwenyewe kama nilivyokuwa nikikuvua ulipokuwa mdogo, na tutakwenda zahanati kabla hawajafunga, na basi la kesho likituacha lituache.

Mmerudi. Nawasikia njiani, mama yako anasimulia kitu cha shangazi yako na wewe unamcheka. Naacha kidogo.

Nimerudi kuandika. Umepita hapa barazani ukanipa shikamoo, umebeba kuku wa shangazi yako chini ya kwapa, amefungwa miguu. Nikakuuliza, "Mguu unaendeleaje?" Mama yako alikuwa nyuma yako, anasikia.

Ukasema, "Umepona, Baba."

Na ulisema vizuri, kwa sauti kavu, ukanitazama machoni.

Nikasema haya.

Sasa mko jikoni. Mchanga wa uani mama yako aliufagia mchana, kwa hiyo alama zenu zinasomeka toka njiani mpaka mlangoni. Za mama yako ni za mguu mzima. Zako, kulia ni kandambili nzima, kushoto ni ncha ya mbele tu, kisigino hakikugusa chini hata mara moja, toka kwenye mchongoma mpaka hapa nilipokaa.

Kwa hiyo umeona ulivyonikuta na ulivyoniacha. Barua hii nitaichana daftarini nikutilie ndani ya raba ya kushoto, ili usiweze kuivaa bila kuitoa. Huko utakakokuwa, asubuhi watawapanga mstari, na mtu atasimama mbele yenu aulize nani mgonjwa. Mimi nimeulizwa na mama yako hapa kwangu, na wewe umeulizwa nami, na wote wawili tumejibu uongo. Pale utakuwa hunioni. Piga hatua mbele, mwanangu. Piga kwa mguu huohuo.

Baba yako